Kadi za Wingu la Nyota

Hakuna mtu anayeijua habari hii kunishinda mimi. Naijua ilipoanzia na ilipofikia, nani alimtazama nani, nani alimeza mate, na chai ya siku hiyo ilikuwa ya namna gani. Ila sikuwepo. Kipande kimoja nilisimuliwa, kingine kilinifikia kwa dirisha, na palipobaki tundu nimeziba mwenyewe. Lakini nimeziba vizuri.

Basi Jumapili hiyo asubuhi, binti aliyeitwa Wino alikuwa bafuni anasugua vidole vyake kwa limau, kisha kwa sabuni, kisha kwa brashi ya viatu, na mwishowe kwa hasira. Zambarau haikutoka. Jina la Wino alilipata kazini. Alikuwa mpiga chapa, mwenye duka dogo la kuchapisha kadi na mialiko, na kila kazi iliyopita mikononi mwake ilimwachia kumbukumbu kwenye kucha. Hii zambarau ilikuwa na habari yake. Iliingia dukani siku moja imevaa viatu safi kupita kiasi, na mchana wa leo ilikuwa inakuja kunywa chai kwa mama yake.

Nyuma yake choo kilikuwa kimetulia tuli. Zamani kilikuwa kinaguna kila ukikivuta maji, kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu, mpaka siku chache nyuma kilipoacha chenyewe. Mama alisema alikimwagia maji ya moto. Wino hakuuliza zaidi. Nani anauliza zaidi habari za choo kilichopona?

Mama huyo alikuwa mshona mapazia, mjane, mwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe na ukali uliofunikwa kwa tabasamu. Wachumba walikuwa wamepita kwenye makochi hayo. Dereva wa lori la mkaa aliacha alama ya kiganja kwenye kitambaa, na ilipofuliwa ile alama, uchumba nao ukaenda na maji. Muuza samaki hakufika hata kukaa. Mama alimkaribishia barazani na akamwelekezea feni. Tangu hapo kauli yake ilijulikana mtaa mzima. Atakayemchukua binti yake na aje na kazi yoyote aliyonayo, mradi haina harufu.

Na huyu aliyekuwa anakuja leo alikuwa na lori la kunyonya vyoo.

Siku ya kwanza alipoingia dukani, Wino alidhani ni karani wa benki. Shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na alinukia sabuni kama mtu aliyeoga njiani. Alitaka kadi, zile ndogo za jina na namba, za kumpa mtu mkononi ili akupigie siku akikuhitaji. Wino akamuuliza anafanya kazi gani. Mtu yule akatazama nyuma yake kwanza, kisha akaisema kwa sauti ya chini, kama anaungama. Wino akaandika bila kucheka, au alicheka kidogo sana, kwa ndani, pasipoonekana.

Akamuuliza anataka picha gani. Ya lori? Ya bomba? Mteja akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa, ukurasa uliochanwa kutoka kalenda ya zamani, akaukunjua juu ya kaunta kwa vidole viwili. Lilikuwa wingu la nyota, moja ya zile picha zinazopigwa na darubini zilizorushwa angani. Vumbi na moshi wa huko mbali kusikofikika, zambarau katikati, chungwa kwenye kingo, na nyota zimemwagika humo kama sukari kwenye meza nyeusi.

"Hii?" Wino akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Kaka yangu, hili wingu na choo wapi na wapi?"

"Dada, mimi watu wananiita kwa kunong'ona," yule mtu alisema. "Namba yangu wanaiandika kwenye kipande cha gazeti, halafu wanakificha chini ya godoro. Mgeni akitokea wananikana kama deni. Nataka kadi ambayo mtu anaweza kuiacha juu ya meza." Akafikiri kidogo. "Halafu kazi yangu ni ya chini kabisa. Picha nataka ya juu kabisa."

Hapo Wino akainua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyotazamwa. Alikuwa na macho ya upole na masikio yaliyojitokeza kidogo, na masikio hayo yalikuwa yamepata joto.

Katika duka lile ilikuwa lazima mteja aone sampuli na atie sahihi nyuma yake kabla kazi haijachapwa. Sampuli ya kwanza zambarau ilitoka kama jicho lililopigwa ngumi. Ya pili ilikuwa kama juisi iliyomwagika kwenye nguo ya mtu. Akarudi tena. Wino akamweleza kwamba weusi wa anga ndio unaosumbua, maana wino mweusi ukichapwa peke yake hukauka ukawa kijivu, kwa hiyo inabidi utandike bluu kwanza chini yake, halafu mweusi juu, ndipo unapata kina cha mtu kuzama. Yule mtu alisikiliza kama anasomewa urithi wake. Sampuli iliyofuata ilikuwa sawasawa. Waliona wote wawili kwamba ni sawasawa. Akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza, akasema anaona chungwa imezidi kidogo.

Wino, ambaye macho yake hayajawahi kudanganywa na rangi, akasema kweli, imezidi.

Hapo mimi sina la kuongeza.

Mtaani walimwita Kimya, kwa sababu pampu ya lori lake haikupiga kelele na mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Kwa hiyo mbele ya kadi likakaa wingu tupu, na nyuma yakakaa maneno aliyoyataka: Nipigie, nitakuja kimya kimya. Chini yake namba. Kazi yenyewe haikutajwa; angeieleza kwa mdomo akimpa mtu kadi.

Sasa ile namba. Dukani, kwenye sampuli walikuwa wanaweka namba ya simu ya oda, ile iliyokuwa ikikaa kwenye aproni ya Wino, kwa kuwa wateja hubadili namba zao mpaka dakika ya mwisho. Kadi zikienda kuchapwa, namba ya duka inatolewa na ya mteja inaingizwa. Safari hii haikutolewa. Kadi zikachapwa, zikakatwa, zikafungwa kwenye maboksi, na Kimya alikuwa ameshazigawa mtaa hadi mtaa kabla simu ya kwanza haijaingia, ya bwana mmoja aliyekuwa anahema. Simu ikaingia kwenye aproni ya Wino.

Wino alimwomba radhi sana. Alisema ni bahati mbaya, alikuwa amechoka, atamchapia nyingine. Kimya akasema asijisumbue, kadi zimeshakaa kwenye meza za watu, basi yeye apokee tu na ampitishie. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mpiga chapa akageuka karani wa mashimo. Akajifunza kujibu, "Huduma ya Kimya, limejaa au linarudisha?" Akajua nani anapiga kwa aibu na nani kwa dharura. Alikuwepo mwalimu mkuu aliyeliita shimo lake "lile suala letu," na bwana harusi aliyekuwa analia. Na kila simu ilimpa Wino sababu ya kumpigia Kimya. Mwanzo alimpigia kumpa kazi. Kisha akawa anampigia kuuliza kama kazi imekwisha, kisha kama amekula, na baadaye akawa anampigia bila shimo lolote.

Yangeendelea hivyo hivyo kwa raha zao, kama Mama hakuokota kadi kwenye aproni siku ya kufua.

Aliigeuza dirishani. Akamuuliza binti yake huyu ni nani. Wino akafungua kinywa kusema ukweli, akaona vile vitambaa vyeupe kwenye makochi, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Ni mtu anayehusika na anga," akasema.

"Anga?"

"Nyota, Mama. Mambo ya mbali."

Mama akaitia kadi kwenye pochi yake. Jua halijatua, wateja wake wa mapazia walikuwa wameshaonyeshwa wingu la mkwe, na jirani wa dirisha la pili, mwanamke mwenye heshima zake ambaye sina haja ya kumtaja, alikuwa ameonyeshwa zaidi ya mara moja.

Siku chache baada ya hapo ndipo alipopiga mama mmoja mwenye mafua. Namba ilikuwa ngeni. Wino alipojibu kwa lile neno lake la limejaa au linarudisha, upande wa pili pakawa kimya muda mrefu, mpaka akadhani simu imekatika. Halafu sauti ikatokea puani. Ndiyo, ilisema. Shimo. Limejaa. Dereva aje kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, atapokewa hapo.

Kimya alimsimulia Wino baadaye, naye alicheka mpaka akalisha mashine karatasi kichwa chini. Yule mama alikuja kajifunga mtandio mpaka puani, na miwani ya jua juu yake, akatembea mbele ya lori kama anaongoza msafara, akamwingiza kwa uchochoro wa nyuma. Wakati pampu inafanya kazi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza maswali. Ana mke? Aliwahi kuwa naye? Anakunywa? Nani anamfulia ovaroli? Mbona viatu safi? Akamletea chai ya maziwa, na aliposikia kwamba maziwa na tumbo lake hawaelewani, akairudisha ndani na kuleta ya rangi. Kimya alisema hata alipoomba leseni hakuulizwa vile. Alisema pia kwamba alimpenda yule mama, na kwamba alipomaliza aliweka chungu cha maua cha mama huyo juu ya mfuniko wa shimo, kumfurahisha.

Juma hilo hilo Mama akatoa amri. Huyo mtu wa nyota aje Jumapili, anywe chai, aonekane.

Wino alikwenda kumpokea Kimya kwenye kona. Alikuwa amenyoa, amevaa suruali nyeusi na shati jeupe, na mkononi alikuwa na bahasha ndogo ya biskuti. Alitabasamu kwa upande mmoja, kama kawaida yake akiwa na hofu. Wino alipoliona lile tabasamu, akageuza macho kando, maana alikuwa hajamwambia. Alikuwa ameahirisha kila siku, na sasa siku zilikuwa zimekwisha, ilibaki barabara tu, nayo fupi.

Akamweleza wakitembea. Alieleza haraka haraka, akitazama mbele, habari ya kadi, na anga, na nyota, na wateja wa mapazia. Alipofika mwisho akagundua anatembea peke yake. Kimya alikuwa amesimama nyuma, chini ya kibao cha kinyozi.

"Kwa hiyo mimi leo ni mtu wa nyota," akasema.

"Kwa chai moja tu. Nitamwambia, polepole."

"Unanionea aibu?"

Hakuliuliza kwa ukali. Kama angeliuliza kwa ukali, Wino angepata la kumjibu, maana mdomo anao.

"Wale wanaonificha chini ya godoro siwalaumu," Kimya alisema. "Hawanijui. Lakini wewe ulinichapia wingu. Nilidhani wewe ndiye uliyeniweka mezani."

Kinyozi akazima mashine yake ili asikie vizuri. Wino alitazama vidole vyake vya zambarau. Alitaka kusema mengi, likamtoka moja.

"Ile namba haikuwa bahati mbaya."

"Namba gani?"

"Ya kwenye kadi. Sikuchoka wala nini. Niliiona. Niliiacha makusudi, ili usipotee na maboksi yako. Mtu anayemwonea mwenzake aibu hapokei simu za vyoo vya watu mchana kutwa, tena kwa hiari."

Masikio ya Kimya yakaanza kupata joto, kwanza moja, kisha la pili.

"Mimi niliiona kabla sijatia sahihi," akasema.

"Uliiona?"

"Namba ya duka lako naijua kwa moyo, nitaachaje kuiona? Nikasema, kama amekosea, Mungu amemkosesha. Nikatia sahihi haraka usije ukashtuka."

Wakatazamana pale mtaani kama watu waliokamatana mikono ndani ya mfuko mmoja. Aliyecheka kwanza hajulikani. Kinyozi anasema ni yeye mwenyewe. Lakini Kimya alipoacha kucheka, hakuondoka pale aliposimama.

"Naja," akasema. "Ila sitadanganya. Nikiulizwa ninafanya kazi gani, nitasema."

"Nitasema mimi kabla hujaulizwa," Wino akamwahidi. "Akinifukuza, unafukuzwa na mimi."

Mama aliwapokea mlangoni kwa nguo yake ya sherehe. Kimya alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ndefu yenye mikunjo, akaambiwa karibu mgeni, karibu, ndiyo kwanza macho yangu yanakuona. Mama alisema hivyo bila kupepesa. Akamkalisha kwenye kochi lile lile la mtu wa mkaa, kwenye kitambaa kilichopigwa wanga mpaka kikalia alipokikalia.

"Mama," Wino akaanza, "kuna jambo—"

"Mwache mgeni apumue kwanza, mwanangu." Mama akajiweka mkabala, akafungua pochi, akatoa ile kadi na kuiweka mezani, wingu juu. "Basi baba, nieleze. Huko kwenye shughuli zako, kuna baridi?"

Kimya akamtazama Wino. "Asubuhi kidogo, mama."

"Na hili wingu. Ni la nini hasa? Ni la kujaa?"

"Mama," Wino akasema tena.

"Nauliza nijue. Vitu vyote huwa vinajaa. Likijaa mnafanyaje? Mnalipunguza?"

Kimya akakohoa. Alisema yeye wingu lenyewe halijui, alilipenda rangi yake kwenye kalenda. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama amepewa jibu la kisomi, akamuuliza kama kazi hiyo ya mbali inahitaji vyombo virefu. Kimya akasema ndiyo, kiasi. Virefu vya kuzamisha au vya kuinua? Wino aliona jasho linaanza kuchungulia kwenye paji la mtu wake. Akamwona anageuza uso dirishani, upande wa uani, kutafuta hewa.

Na hapo Kimya akabadilika. Alikodoa macho huko nje, kwenye mfuniko wa saruji na chungu cha maua kilichokaa juu yake. Akarudisha macho ndani, polepole, mpaka kwa Mama. Mama alikuwa anakunja pindo la kitambaa cha meza kwa utulivu mkubwa, na jicho lake moja, lile la upande wa mgeni, lilikuwa kali kama sindano. Kimya akafunga mdomo aliokuwa anataka kuufungua. Akashika magoti yake kwa mikono miwili na kuangalia chini.

Wino hakuona mfuniko wala sindano. Aliona mtu anayempenda ameinamisha kichwa ndani ya nyumba yao, na akaona kwamba ni yeye aliyemwinamisha. Akasimama.

"Mama, huyu si mtu wa nyota."

Mama akaacha kukunja.

"Nilikudanganya. Hajui nyota yoyote. Ana lori la kunyonya vyoo, na hiyo namba kwenye kadi ni ya kwangu, mimi ndiye ninayepokea simu. Nilikudanganya kwa ajili ya makochi yako. Yeye hakujua mpaka leo njiani, na alitaka kukwambia mwenyewe, mimi nikasema niachie mimi."

Mama akaweka mkono kifuani. Aliuweka vizuri, vidole vimetanuka, na akabaki hivyo kwa muda ambao Wino aliuona mrefu kuliko ujauzito.

"Vyoo," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Unamleta mtu wa vyoo, unamkalisha kwenye wanga wangu."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe unaona sawa? Utalala na harufu, utaamka na harufu?"

"Mama, nimemnusa," Wino alisema, na hapo sauti ikampanda juu. "Ananukia sabuni kuliko sisi wote. Ukimtoa huyu nje, utanitoa na mimi, halafu ukae na vitambaa vyako, vyeupe mpaka mwisho wa dunia. Sitamficha tena. Nimechoka kumwita nyota. Ananitosha kama alivyo."

Kimya aliinua uso. Alimtazama Wino, na sitaeleza alivyomtazama, maana kuna mambo hata dirisha huyaonea haya. Nitasema tu kwamba vidole vya zambarau vilikuwa vimeshika pindo la gauni, na kwamba akanyoosha mkono wake safi, mbele ya mama mtu, akavishika.

Mama akanyanyuka, akawapita, akaingia jikoni. Wakasikia birika, vikombe, na kijiko kilichoanguka. Wino alimnong'oneza Kimya kwamba analia huko. Kimya alimnong'oneza kwamba hadhani kama analia. Wino akamuuliza anajuaje. Kimya akaonekana kama mtu aliyefungiwa nyuki kinywani.

Mama akarudi na sinia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, tena yanang'aa. Akaweka biskuti za mgeni kwenye sahani, akampa Wino kikombe cha chai ya maziwa, akajiwekea na yeye cha maziwa. Kisha akachukua cha tatu, akakizungusha ili mkono wa kikombe uelekee kwa mgeni.

"Kaa vizuri, baba, unakaa kama umekopeshwa kochi," akamwambia. "Vitambaa vinafuliwa. Kunywa. Yako nimekuwekea ya rangi, najua maziwa yanakukorofisha tumbo."

Kimya alipokea kwa mikono miwili na kuzama ndani ya kikombe mpaka masikioni.

Wino alikuwa ameshapeleka chake mdomoni. Akakishusha. Akamtazama mama yake, akakitazama kikombe cha rangi, akamtazama tena mama yake.

"Mama, nani kakwambia hatumii maziwa?"

"Si umesema wewe."

"Sijasema."

"Wanaume wengi hawatumii," Mama alisema, akachukua biskuti. "Marehemu baba yako alikuwa hatumii."

"Baba alikuwa anakunywa maziwa kwenye jagi."

Mama akatafuna. Wino akageukia dirisha la uani na kuona anachokiona kila siku bila kukiona, ule mfuniko umefagiliwa, na chungu cha maua ambacho siku zote hukaa kando ya mlango kimepandishwa katikati yake.

"Na choo chetu?" akauliza. "Kilichopona?"

"Maji ya moto," Mama akasema bila kusita.

Kikombe cha Kimya kilianza kugonga kwenye kisahani chake. Mabega yalikuwa yanamruka. Wino hakumtazama. Alitoa simu ya oda mfukoni, akarudi nyuma kwenye orodha ya waliopiga, akashuka, akashuka, akaipata ile namba ngeni ya yule mama mwenye mafua, akaibonyeza.

Simu ikaita. Iliita ndani ya nyumba nzima, kwa sauti kubwa na muziki wake, lakini haikuwa ndani. Ilikuwa chini ya dirisha la mbele, kwenye maua, ambako pia palisikika mtu mwenye heshima zake, asiyemnyima jirani simu yake, akijipapasa kwa haraka, akijigonga kichwa kwenye kingo ya dirisha, na kuomba msamaha kwa sauti ndogo sana.

Wino akakata simu. Akamgeukia mama yake, mikono kiunoni.

Mama akavuta ncha ya mtandio, akaziba pua.

"Haya mafua," akasema, na sauti ikamtokea puani, "sijui nimeyapata wapi."